Mguu wa Fundi

Fundi cherehani wa mlango wa pili alistaafu kitambo, na cherehani yake wanawe walishaiuza, ila mguu wake haujaambiwa. Ukikaa naye utausikia chini ya meza ukikanyaga, taratibu, kisha mbio, kisha taratibu tena kama aliyefika kwenye kona ya mfuko. Huku juu anaongea nawe vizuri tu, habari za mvua, habari za goti, na vidole vinasukuma kitambaa kisichokuwepo. Akimaliza mshono huinama akakata uzi kwa meno. Nakuapia, uzi husikika ukikatika.

Juzi nilimkuta na bintiye kitindamimba, amekuja kumwambia ameacha kazi, kwa mara nyingine. "Bosi ana gubu, Baba. Kazi si ndoa, nitapata nyingine." Mguu ukasimama. "Mimi sijawahi kuacha," mzee alisema, wala hakukasirika. Akainuka, akakung'uta hewa kama mtu anayekung'uta koti, akalishika mabegani. "Hebu jaribu." Binti akanikonyeza, akageuka, akapitisha mikono huku anacheka. Mzee akamfunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Hapo kicheko kikakatika. Nikamwona anajaribu kushusha mikono, na mikono haishuki.

"Baba, linanibana. Nivue."

"Tulia, mwanangu," mzee alisema, akirudi kitini pake. "Bado sijamaliza."

Na chini ya meza, mguu ukaanza tena.