Kikombe Kimoja cha Kujaribia Skrini

Asubuhi hiyo niliondoka Butare, si ile kubwa ya kusini bali sekta, yaani kata, ya mashambani hapa wilayani Rusizi, bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimesaidia kuvuna kahawa msimu mzima, nikilala kwenye kitanda cha mtoto wa mwenye shamba, na mwenye kitanda alikuwa amerudi. Hakuna aliyenifukuza. Nilikunja blanketi, nikaitia kompyuta yangu kwenye gunia la mchele lenye mikanda ya kubebea mgongoni, nikatoka kabla uji haujaiva.

Kompyuta yenyewe ilikuwa boksi tu, haina skrini. Nilikuwa nimeiunga kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, katika miji niliyopita. Shule niliiacha mapema, lakini hamu ya kujua kilichomo ndani ya vitu haikuniacha. Kila nilipofika niliomba mtu aniazime skrini yake kidogo, nikacheza mchezo wa mpira uliomo ndani yake, kisha nikaifunga tena mashine yangu guniani.

Barabarani nilipata pikipiki. Dereva alilitazama gunia kwa mashaka.

"Papa, iyi mbuzi yako haipumue?"

"Ni kompyuta."

"Aa. Basi haitanikojolea."

Tuliingia Kamembe, mji niliokuwa nimeupita mara nyingi bila kulala humo hata siku moja. Niliposhuka tu, mkanda mmoja wa gunia ukakatika. Nilitazama huku na huku, nikauona mlango wa fundi wa nguo.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Alisogeza sindano karibu sana na jicho kabla ya kupitisha uzi. Nusu ya chumba chake ilijaa majora ya vitambaa. Nusu nyingine ilikuwa na mabenchi mawili yaliyoelekea ukuta mtupu, na kompyuta iliyofunikwa kitenge. Sikuweza kunyamaza.

"Mzee, hapa banacheza nini?"

"Balikuwa banacheza mupira. Sasa banacheza kwa mwengine."

Alinisimulia huku akishona mkanda wangu. Skrini yake ya kwanza iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Akanunua televisheni kubwa, picha yake safi kama ya harusi. Madereva wa pikipiki, ambao ndio waliokuwa wakijaza mabenchi kila alasiri, walicheza siku chache wakaanza kulalamika.

"Balisema, unabonyeza leo, mupira unasikia kesho. Bengine banacheka, bengine bananitukana. Bakaenda."

Televisheni alikuwa ameiuza jana. Pesa aliyoipata aliifunga kwenye pindo la kitambaa, na hakuwa na nyingine. Dereva mmoja, yule ambaye wenzake wote humfuata kwa sababu hakuna anayemshinda, alikubali kuja leo baada ya sala ya alasiri kujaribu mara ya mwisho.

"Akikaa, benzake banarudi. Akisimama, njo basi. Na haya macho haitashona miaka mingi tena, mwanangu." Alikata uzi kwa meno, akaligonga gunia langu. Lililia chuma. "Weye unajua mambo ya ekra?"

Nilimwambia skrini nazijua kidogo.

"Unichagulie. Ukichagua vizuri, nyuma kuna chumba, utalala. Ukinikosesha, gunia yako imeshonwa, unaenda."

Jua lilikuwa juu. Tulipanda pamoja hadi kwa mama mmoja aliyeuza skrini za mtumba, mimi na gunia mgongoni, yeye na pindo lake mkononi. Njiani alinieleza sheria ya duka hilo. Mnunuzi akifika, yule mama hujimiminia kikombe kimoja cha chai. Unajaribu utakacho mpaka kikombe kiishe. Kikiisha, unalipa au unaondoka, na kilichovuka mlango hakirudi.

Tulimkuta amekaa kati ya skrini zake, chupa ya chai ya tangawizi miguuni. Ukutani palikuwa na skrini moja pana iliyopinda, ikionyesha maporomoko ya maji na ndege wa rangi. Fundi aliitazama akasahau kusalimu.

"Maman, hamjambo," nilisema mimi.

"Jambo, Papa. Munaanza?" Akamimina. Mvuke ukapanda.

Nilitoa mashine yangu guniani. Mama alikunja uso. Wateja wake walizoea kuangalia maporomoko, kusifu ndege, na kulipa. Hakuna aliyewahi kuja na mashine yake. Lakini sheria ilikuwa utakacho, na sheria ilikuwa yake mwenyewe. Niliiunganisha na ile pana, nikashika kipanya, nikakizungusha mbio mezani kisha nikasimamisha mkono ghafla. Mshale kwenye skrini uliendelea kutembea kidogo, kama mtu aliyeitwa na mkewe akajifanya hakusikia.

"Ni ileile, Mzee," nilimnong'oneza. "Ndugu wa ile televisheni yako."

"Lakini angalia maji yake!"

"Maji hayachezi mpira."

Mama akanywa funda.

Ya pili ilikuwa mpya, ndani ya katoni, bei nzuri ajabu. Niliomba ifunguliwe. "Katoni inafunguliwa na mwenye kulipa," alisema, akanywa tena. Nikaiacha.

Ya tatu ilikuwa chini kabisa, imeegemezwa ukutani kwa aibu. Ndogo, mguu wake umevunjika, pembeni ina mkwaruzo kama ukucha wa paka. Niliiwasha. Nilifungua ukurasa mweupe nikatafuta vidoa vilivyokufa, vile visivyowaka tena. Sikuona hata kimoja. Nilizungusha kipanya, nikasimamisha mkono. Mshale ulisimama papo hapo.

Niliigeuza. Mgongoni palikuwa na karatasi iliyofifia inayosema kwamba skrini hii hubadilisha picha mara mia moja arobaini na nne kwa sekunde. Kwa mpira, hiyo ndiyo tofauti ya kumwona mchezaji akikata kona na kumkuta ameshakata. Lakini nilipofungua mipangilio ya mashine, nambari iliyotokea ilikuwa sitini. Hakuna nyingine, na nikamwambia fundi hivyo.

Ama karatasi ilidanganya, ama skrini ilikuwa imechoka ndani, ama ni kebo. Kebo niliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida. Skrini ilikuwa na tundu jingine, lile lenye kona moja iliyokatwa, na mashine yangu ilikuwa nalo pia. Kebo yake sikuwa nayo.

Niligeuka kumtazama mama. Kikombe kilikuwa kimeinama.

"Maman, hizi skrini zinatoka mbali?"

"Mbali."

"Mvua haizilowanishi njiani?"

"Papa, unaniuliza ili chai ipoe? Mi nakunywa hata baridi."

Fundi alicheka, lakini hakulilegeza pindo lake. "Chukua ile kubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Hii ni mtumba ya mtumba. Muntu ataingia, ataona mukwaruzo, atatoka."

"Macho yake yatakuwa kwa mchezaji wake, Mzee. Mkwaruzo hatauona."

"Na ile namba? Umesema namba haiko."

"Haiko bado."

Mama aliinua kikombe, akakimaliza, akakigeuza juu ya sahani. Tone moja likadondoka.

Nilikuwa nimelala chini ya miti, ndani ya malori, kwenye veranda za kanisa. Usiku mmoja zaidi nje usingenidhuru. Kilichonitia hofu ni yale macho ya mzee yaliyokuwa yakinitazama karibu, kama yanavyotazama sindano.

"Hii," nikasema, nikaishika ile yenye mkwaruzo.

Fundi alifungua pindo, akalipa. Mama alizihesabu noti, kisha, kama ilivyo desturi upande wetu na ng'ambo ya mto wa mpakani, nikadai matabishi, ile nyongeza ya mnunuzi. Aliusukuma kwa mguu wake mfuko wa kebo zilizosokotana kama nyoka. "Vuta moya. Moya tu."

Sikuvuta. Niliingiza mkono taratibu, nikapapasa ncha moja baada ya nyingine, nikitafuta kona iliyokatwa.

"Huyu anapima mihogo?" mama alimuuliza fundi.

Kidole changu kikagusa kona. Nikavuta.

Tulirudi adhana ikiita. Mzee akaenda kusali, nikabaki na ukuta. Mashine yake haikuwa na tundu la kebo ile, kwa hiyo niliiweka yangu chini ya meza. Mchezo wa mpira ulikuwamo tayari. Skrini isiyo na mguu haikusimama. Mzee aliporudi aliitazama mara moja tu, akachukua ubao wa kufungia majora na mikanda ya suruali, akaifunga ukutani kwa mafundo ya kishonaji, imara, imenyooka.

Yule dereva asiyeshindwa aliingia kabla sijafungua mipangilio. Kijana mrefu, kofia ngumu mkononi, hakukaa. Wenzake wawili walibaki mlangoni juu ya pikipiki, injini zikinguruma.

"Mzee, njo iyi? Kadogo hivi?"

"Muache amalize," alisema fundi.

Nilifungua orodha ya nambari. Sitini. Chini yake, mia moja arobaini na nne. Nikabonyeza.

Skrini ikazima.

Giza tupu, na ndani yake niliziona nyuso zetu tatu. Dereva akacheka puani. Nilisikia utepe wa fundi ukivutwa polepole shingoni. Nilitaka kugusa kebo, nikajizuia; skrini nyingine huzimika kidogo zikibadilisha nambari.

Picha ikarudi na nambari ile, nikafungua mchezo. Nyasi za uwanja zilikuwa laini, wachezaji wakipasha misuli.

Dereva alikaa. Alipiga pasi fupi, akaisimamisha, akapiga nyingine. Hakuwa akitafuta bao. Alikuwa akitafuta kosa. Akageuza mchezaji kwa ghafla, akamrudisha, akamgeuza tena. Kisha akaweka kofia yake sakafuni na kusogea mbele kwenye benchi.

"Mupira iko kwa kiguu," alisema, bila kugeuka. Halafu akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Muzime moto! Muingie!"

Injini zikazimwa.

Fundi alinishika kiwiko, akaniongoza nyuma ya pazia. Chumba kilikuwa chembamba, godoro limejaa vipande vya vitambaa. Aliviondoa mwenyewe, kimoja kimoja, akivileta karibu na macho kabla ya kuvikunja. Kisha akaniwekea gunia langu pale kichwani pa godoro, mkanda umeshonwa mara mbili.

Lilikuwa tupu. Mashine yangu ilikuwa upande wa pili wa pazia, ikipiga kelele ya bao, na isingeweza kuondoka bila kuizima ile skrini ya ukutani. Nililikunja gunia likawa mto, nikakaa juu ya godoro, nikasikiliza.