Wazazi Waliokawia Bandani

Nilipewa kazi ya kulinda watoto kwa sababu nilikuwa mtu asiyecheka wala kulia. Nyapara wa shamba alimwambia hivyo mwenye shamba, yule Mjerumani tuliyemwita Mdachi, nami nimesimama hapo hapo. "Huyu mama ametulia," alisema. Mdachi akaitikia kwa kichwa, mambo yakaisha.

Sikuwa nimetulia. Mwaka uliotangulia, kule milimani kwetu, ndui iliwachukua wanangu wawili katika juma moja. Baba yao alikuwa amekwenda kuchimba njia ya reli kuelekea bara, na habari zake hazikurudi. Nilishuka mjini na mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa, tukapewa kibanda na jamaa upande wa Mafiga. Tangu hapo nikawa kama mtu aliyelalia mkono wake mpaka ukafa ganzi. Naugusa, najua ni wangu, lakini hausemi kitu.

Shamba lilikuwa la pamba. Wanawake walipalilia na kuchuma wakiwa na watoto mgongoni, na waliokwisha kujua kutembea waliachwa kwenye mistari. Siku moja mtoto mmoja aliumwa na nyoka, akafa kabla mama yake hajamaliza mstari. Kesho yake wanawake hawakuja kazini. Ndipo Mdachi akaamuru lijengwe banda la nyasi nyuma ya ghala, watoto wawekwe humo, na mtu mmoja awaangalie tangu asubuhi mpaka jioni. Mtu huyo nikawa mimi.

Mchana haukuwa mgumu. Niliwapikia uji wa mtama katika chungu kimoja kikubwa, nikawalaza kwenye majamvi, nikawafukuzia nzi. Mtoto akianguka nilimwinua. Akilia nilimshika mpaka anyamaze. Walinizoea upesi, nadhani kwa sababu sikutaka kitu kutoka kwao. Ugumu ulikuwa jioni, pale kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ghala kilipogongwa na wazazi kuja kuchukua watoto wao.

Walikuja, lakini hawakuondoka.

Mama wa kwanza aliingia, akamchukua mwanawe, akaketi chini, akaegemea nguzo na kunyoosha miguu ili anyonyeshe. Wa pili alikaa karibu naye. Wa tatu alianza kusimulia jambo la shambani, na hao wengine wote walitaka kusikia mwisho wake. Mtoto aliyekwisha funikwa kwa kanga alifunuliwa tena. Niliwaelewa. Nyumbani kulikuwa na maji ya kuteka, mtama wa kutwanga na mume anayeuliza chakula. Pale bandani, kwa kitambo kile kifupi, hakuna aliyekuwa akiwaita. Niliwaelewa, ila kuelewa hakukunisaidia. Amri ilikuwa banda lifagiliwe na liwe tupu kabla jua halijazama, chungu na ufunguo wa sanduku la unga virudi mkononi kwa nyapara. Na kule Mafiga mama yangu alikuwa ameketi uani pale pale nilipomweka asubuhi, akingoja niende nikamwingize ndani.

Kwa hiyo nilijifunza namna yangu. Kabla reli haijagongwa niliwapanga watoto mlangoni, kila mmoja amefutwa uso. Mama alipofika nilimpa habari zote kwa pumzi moja asije akapata la kuuliza: "Amekula, amelala, hana homa, kucha ya kidole imevunjika si kitu." Waliokwisha keti niliwafagilia pembeni mwa miguu. Vumbi likiwafikia puani walisogea, na mtu akishasogea mara mbili husimama mwenyewe. Waliobaki niliwaondolea jamvi.

"Dada, una haraka kama unakimbizwa," mmoja aliniambia.

"Jua linakwisha, mwenzangu."

"Jua la nani? Jua ni letu sote."

"Basi kaliote nje."

Walicheka wakaondoka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Mtu ambaye namna hizo hazikumweza alikuwa mwanamume. Alifanya kazi kwenye kinu cha kushindilia marobota ya pamba, kwa hiyo alifika kabla ya kina mama wa mashambani, nywele zake zimejaa nyuzi nyeupe kama mzee, na hakuwa mzee. Mwanawe alikuwa msichana wa miaka kama mitatu. Yeye na mkewe walikuwa wameachana kwa ugomvi ambao sikuuliza, na mke amerudi kwa watu wake. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba wa mtoto alikuwa amesema shemeji yake asionekane tena katika ua wake, na neno la mjomba ndilo neno. Basi banda langu likawa mahali pekee ambapo mtu yule angeweza kumwona mwanawe.

Alichuchumaa kwenye nguzo ya mlango, hakuingia. Alileta kipande cha muwa amekimenya tayari, au kiazi cha kuchoma. Mtoto alikaa juu ya mguu wake akatafuna. Yeye aliuliza mambo madogo: amekohoa leo, amecheza na nani, mbona goti lina kidonda. Mwanzoni aliondoka mara tu alipowaona wanawake wakitokea kwenye mistari. Kisha akaanza kukaa kidogo zaidi. Kisha akawa haondoki.

Mama wa mtoto alichuma kule mbali, kando ya mto, hivyo alifika wa mwisho. Alipomwona mume wake wa zamani alisimama kwenye uzio, akageuza uso, akakataa kusogea. Mwanamume naye akakataa kuinuka. Mimi nikawa katikati na fagio langu.

Nilimwendea mwanamke. "Njoo umchukue mwanao, nifunge."

"Mwambie yule aondoke kwanza."

Nilirudi mlangoni. "Kaka, mwenzio anangoja."

"Na mimi nangoja, dada. Nilikuwa nangoja tangu jana."

"Jua linazama."

"Amalize muwa wake."

Ilikuwa hivyo siku baada ya siku. Mtoto alitafuna polepole, kama aliyejua. Niliporudisha ufunguo, nyapara alinitukana mbele ya watu, nami nilitazama midomo yake ikifunguka na kufumba. Nilifika nyumbani giza limeingia na kumkuta mama amejikunyata ukutani.

Mjomba wa mtoto akapata habari. Alishuka kutoka njia ya Mkuyuni, mtu mzima mwenye heshima zake, akanikuta nasafisha chungu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa juu ya gogo.

"Mwanangu," alisema, "nasikia yule bwana anakuja hapa."

"Anakuja."

"Na wewe unamwachia?"

"Mimi nalinda watoto, mjomba. Silindi wazazi."

Hakukasirika. "Basi utakuja kuwalinda wote," alisema, "maana mimi siwezi kuingia shamba la Mdachi kupigana."

Alipokwenda zake niliendelea na chungu.

Kisha ikaja siku ya mvua. Ilianza alasiri, yale manyunyu ya mlimani ambayo hayana haraka na hayakatiki. Reli iligongwa. Mwanamume akaja, akachuchumaa, mtoto akakaa mguuni. Mama akasimama uzioni na kikapu kichwani, maji yakimtiririka. Nilikwenda na kurudi baina yao mara nne. Mara ya tano sikwenda tena, nilikaa ndani nikangoja. Mwishowe mwanamume akainuka, nafikiri kwa ajili ya mtoto, kwa kuwa nyasi za banda zilikuwa zinavuja.

Nilipofika Mafiga mama yangu alikuwa bado uani. Alikuwa amejaribu kujivuta kuelekea mlangoni, akaishia katikati, upande mmoja wa uso wake ukiwa kwenye tope. Hakulaumu. Alisema, "Umekuja," kama kila siku. Nilimbeba ndani, nikampangusa, nikawasha moto, nikamsugua miguu. Nilingoja nione kama nitahisi kitu. Nilihisi kuchoka.

Asubuhi, nilipokwenda kuchukua ufunguo, nilimwambia nyapara: "Kuna mtu ananichelewesha kila jioni. Ni wa kwenye kinu."

"Yupi?"

Nikamwonyesha.

Sitasema kwamba sikujua. Kila mtu pale shambani alijua mtu akitajwa kwa nyapara hufikishwa wapi. Nilijua kama ninavyojua kwamba chungu kikiwekwa motoni kitachemka.

Walimlaza mbele ya ghala saa ya chakula cha mchana, akapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, watu wote wakiitwa kutazama. Mimi nilikuwa bandani, nyuma ya ghala, na watoto wakinywa uji. Sauti ilifika. Sikutaka kuhesabu lakini nilihesabu, nikiteka uji kwa kata na kuumimina, mmoja baada ya mwingine. Alinyamaza mpaka karibu nusu. Baadaye akamwita mama yake, kwa Kiluguru, kwa sauti nyembamba ambayo sikuidhania kuwa yake. Yule msichana mdogo aliinua uso kutoka kwenye kibuyu chake, akatazama ukuta wa nyasi, akanitazama mimi. Nikamwongezea uji. Akanywa.

Jioni reli ilipogongwa nilidhani hatakuja. Alikuja. Alitembea kama mtu anayepita kwenye miiba, na hakuchuchumaa, hakuweza. Alisimama mbali kidogo na mlango. Mtoto alimkimbilia, akamkumbatia mguu, naye akafumba macho mpaka maumivu yakapita. Hakuwa na muwa siku hiyo.

"Dada," aliniambia, "leo sikawii."

"Haya," nilisema.

Akaushika utosi wa mtoto, akaondoka kabla wanawake hawajatokea. Sijui kama alijua ni nani aliyemtaja. Hakunitazama tofauti.

Mkewe alishuku. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu, kikapu bado kichwani.

"Ni nani aliyemsema?"

"Mimi."

"Mimi sikukuomba hivyo."

"Hukuniomba."

Nilifikiri atanipiga, na ningekubali. Alikitua kikapu chini, akaketi na kuegemea nguzo, mtoto mapajani. Alikaa hivyo mpaka jua likazama kabisa. Nilifagia sehemu nyingine zote za banda nikauacha upande wake. Nyapara alipokuja kufoka nilimwambia chungu kilikuwa hakijapoa.

Toka siku ile mwanamke alibadilisha mwenendo wake. Mwanamume alifika, akasimama kitambo akiwa na mwanawe, akaondoka. Mwanamke naye, hata alipomaliza kuchuma mapema, alikaa kule kwenye mistari akijifanya anafunga kikapu mpaka amwone ameshapita. Hawakusemezana, nijuavyo mimi. Lakini hakuna aliyenituma tena kwa mwenzake, na nilianza kufika nyumbani mapema.

Haikudumu. Vita vya wazungu vikaja, wakaja askari na orodha, wanaume wa kinuni wakachukuliwa kubeba mizigo. Yeye alikuwa miongoni mwao. Siku waliyoondoka hawakuruhusiwa kupita bandani. Mtoto alikaa mlangoni jioni ile na siku chache zilizofuata, kisha akazoea kucheza na wenzake mpaka mama yake afike. Wengi wa wapagazi hawakurudi, naye hakurudi. Mdachi alikimbia, pamba ikamezwa na magugu, banda likaliwa na mchwa. Mama yangu alifia mikononi mwangu njaa ilipoingia. Nilimzika, nikaendelea kuishi, kama watu wengine.

Miaka mingi baadaye, nikiuza ndizi, mwanamke kijana alisimama mbele yangu akaniamkia. Alikuwa amembeba mtoto. Alisema mama yake ndiye aliyemwelekeza. Alitaka kujua habari za baba yake, kwa sababu katika ukoo wake hakuna aliyemtaja, na mama yake alimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwona zaidi.

Nikamkaribisha akae. Nilimweleza habari ya muwa na kiazi, jinsi alivyouliza kuhusu kikohozi na goti. Alitabasamu. Ningeweza kuishia hapo. Nikamweleza na siku ya mvua, na asubuhi yake, nilichomwambia nyapara, na kilichofuata. Nilisema yote kwa sauti moja, nikipanga ndizi zangu.

Mtoto wake akaanza kulia, akamhamishia bega la pili.

"Ulimchukia?" aliuliza.

"Hapana. Nilitaka kwenda nyumbani."

Aliniomba maji. Nikampa kwa kata. Akayanywa yote, akanirudishia kata kwa mikono miwili, akasema "Shikamoo" tena badala ya kuaga, kama ndiyo kwanza anafika, akaona amekosea, akashika njia.