Kupekua Wanawake Getini

Mashine za kiwanda chetu cha nguo zilipoanza kusimama moja baada ya nyingine kwa kukosa vipuri, nilitolewa kwenye ufumaji nikapelekwa getini kupekua wanawake wenzangu. Vitambaa vilikuwa vinaibiwa kiwandani, na walinzi wanaume hawakuruhusiwa kutugusa. Sikuipenda kazi ile, lakini nilikubali.

Alasiri moja, zamu ikitoka, alifika mbele yangu mwenzangu wa Butiama. Tulifuma bega kwa bega miaka minne. Ndiye aliyenifundisha kuunga uzi uliokatika. Nilipopitisha mikono kiunoni mwake nikagusa kitambaa kipya, kigumu, amekizungusha chini ya gauni.

"Mama kafariki jana," alininong'oneza. "Madukani sanda hakuna. Ofisini nimeomba, wameninyima. Dada, nimzike na nini?"

Tulikuwa tunafuma nguo kutwa nzima, naye hakuwa na sanda ya mama yake.

"Pita," nikasema kwa sauti.

Hakufika mbali. Mkuu wa walinzi akaita, "Wewe, simama! Huyo mpekue upya, mbele yangu."

"Nimeshampekua, mzee."

"Nimesema upya."

Nilimgusa mabegani, kwapani, mgongoni.

"Kiunoni," mkuu akasema.

Nikamgeukia. "Kama huniamini, mshike mwenyewe. Wanawake wote hawa wakuone."

Mama mmoja mtu mzima wa idara ya kusokota nyuzi akatoka kwenye foleni. "Mshike basi, baba. Hata huyo aliyekuzaa ulikuwaga unampekua?"

Wengine wakasogea. Mkuu alitutazama, akatema mate chini, akarudi kibandani kwake. Mwenzangu akatoka nje ya geti, hakukimbia.

Kesho yake niliitwa ofisini. Sikukiri wala sikukana. Orodha ya waliopunguzwa kazi ilipobandikwa wiki hiyo, jina langu lilikuwa la kwanza.

Nilirudi nyumbani Bweri nikaanza kushona kwa mkono mitumba iliyochanika.

"Umetupa kazi kwa ajili ya kitambaa cha maiti?" mume wangu aliniuliza.

Kuna siku nilimchukia yule mwenzangu, hasa nilipomwona akipita kwenda zamu. Lakini matanga yalipokwisha alianza kuja kila Jumapili baada ya ibada. Hakutaja habari ya geti hata mara moja. Alikuwa anachukua shati kwenye lundo langu, anatia uzi kwenye sindano, tunashona mpaka jua linashuka.