Cecilia na Mguu wa Simoni

Marehemu Cecilia Mughwai alizaliwa Mungaa, akasoma kwa masista mpaka darasa la nane, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa muuguzi msaidizi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni. Hakuolewa. Waliomfahamu wanakumbuka mwendo wake wa haraka, rozari iliyochungulia mfukoni mwa gauni lake, na tabia moja ambayo wengi waliidhani ni ukali tu: hakuvumilia kuona mahali penye sindano ya dripu pamefunikwa. Mama aliyevuta kanga juu ya mkono wa mwanawe alikemewa mbele ya watu.

Tabia hiyo aliipata mwezi wa saba mwaka 1974, na aliipata kwa uchungu.

Mwaka ule watu walikuwa wanahamia kijiji kipya cha ujamaa. Anastazia, mke wa kaka yake Marko, alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya kuzika watoto wawili. Alitembea tangu alfajiri na debe la mtama kichwani. Walipofika kwenye kiwanja chao, penye vigingi vinne na upepo mtupu, chupa ya uzazi ikapasuka. Lori lililokuwa linabeba mabati ya watu ndilo lililomfikisha hospitali.

Alizaliwa mtoto wa kiume, kilo moja na robo. Cecilia alimpokea kwa mikono yake, na kwa kuwa padri alikuwa safarini, alimmwagia maji kichwani mwenyewe, akamwita Simoni. Wakamzungushia chupa za maji ya moto na pamba. Kunyonya hakuweza. Daktari alitafuta mshipa mpaka jasho likamtoka, akaupata mguuni, juu kidogo ya kifundo. Akafunga kibao chembamba chini ya mguu na kufungulia maji ya sukari, tone kwa tone.

"Mguu huu ubaki wazi," alimwambia Cecilia. "Kila nusu saa uuangalie. Mshipa wake ni kama uzi. Ukitoboka, maji yanaingia kwenye nyama, na nyama inakufa."

Siku ya pili asubuhi aliingia Luciana, mama yao Cecilia na Marko. Kwapani alikuwa na ngozi ya kondoo, iliyolainishwa kwa siagi, ile aliyowabebea watoto wake wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi mjukuu wangu?" Akainama, akashtuka. "Cecilia! Mguu uko nje kama wa panya! Kila anayepita na beseni anautazama. Ndivyo mlivyofundishwa?"

"Daktari amesema ubaki wazi, mama."

"Daktari amezaa wangapi?"

Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka. Anastazia, aliyekuwa amelala kando, alisema kwa sauti ndogo, "Wifi, ana baridi. Mguse."

Cecilia aliugusa ule mguu. Ulikuwa wa baridi kweli. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane na cheti ukutani, lakini kumbishia mama yake mbele ya wodi nzima hakuweza. Tena, Mungu anajua, na yeye alitaka ile ngozi. Aliamini kwamba ilimtosha yeye alipokuwa mchanga, na kaka yake pia. Akamfunika Simoni mpaka kidevuni, akajiambia kuwa atafunua kila nusu saa.

Alifunua mara moja. Kisha akaitwa chumba cha kuzalia, mama wa mapacha, na pacha wa pili alikuwa amekaa vibaya. Aliporudi, saa mbili zilikuwa zimepita. Matone yalikuwa bado yanashuka, taratibu, kama vile hakuna kitu. Akaivuta ngozi.

Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Ngozi ya mguu ilikuwa nyeupe, inang'aa, na juu ya kifundo palikuwa na lengelenge kubwa kama punje ya hindi.

Akafunga dripu, akachomoa sindano, akauinua mguu juu ya kitambaa kilichokunjwa. Luciana alikwisha kulowesha kanga kwenye maji ya moto.

"Lete nimkande, uvimbe ushuke."

"Usimguse!" Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumpigia mama yake kelele. Luciana akarudi nyuma, kanga ikimchuruzika miguuni.

Kesho yake lengelenge lilipasuka. Siku ya tatu mahali pale pakawa peusi. Daktari hakumgombeza. Aliangalia ile ngozi ya kondoo, akamwangalia Cecilia, akamwita Gaspari.

Gaspari alikuwa dresa wa zamani, mtu wa vidonda. Alikuwa na chupa ya asali aliyoagiza kutoka Mitundu, iliyochujwa mara tatu.

"Huyu tutamgeuza mzinga," alisema, akitaka Anastazia acheke. Anastazia hakucheka.

Kila asubuhi Cecilia alishika mguu, Gaspari akaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaondoa kidogo kidogo kilichokufa, akaweka shashi yenye asali. Simoni alilia bila sauti, mdomo tu ukifunguka. Maziwa ya mama yake walimpa kwa mpira uliopita puani. Cecilia alisali rozari akiwa ameshika kisigino kile, kidogo kuliko ushanga wa rozari yake, au ndivyo alivyokiona.

Siku ya kumi na moja Gaspari alisema, "Ona. Pembeni nyama inakuja nyekundu." Ilikuwa kweli. Siku ile Anastazia alikula ugali wote.

Siku ya kumi na nne mtoto akawa wa baridi, akaacha maziwa. Adhuhuri alipumua, akasahau kupumua, akakumbushwa kwa kidole, kisha hakukumbuka tena. Daktari aliandika kwamba alizaliwa kabla ya siku zake. Hakuna aliyeandika habari ya mguu. Kama kilichomuua kiliingilia pale au la, Cecilia hakuambiwa, na hakuthubutu kuuliza.

Alimwambia Anastazia yote. Anastazia alisikiliza, halafu akasema, "Ngozi niliiagiza mimi." Hawakuizungumza tena. Simoni alizikwa ndani ya ngozi hiyo.

Mwaka 1978 ini la Cecilia liliharibika, akalazwa katika hospitali ileile. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Anastazia, ambaye hakupata mtoto mwingine, ndiye aliyemuuguza. Asubuhi moja upepo ulipoingia dirishani, alivuta kanga akaufunika mkono wenye dripu.

"Funua, wifi," Cecilia alisema. "Niuone."

Anastazia akafunua. Akakaa kwenye kigoda akiutazama mkono ule, hakutoka hata kwenda kunywa uji. Kabla ya adhuhuri aliona ngozi inaanza kung'aa, akaita kwa nguvu. Muuguzi akaja mbio, akachomoa sindano mapema, kama inavyotakiwa. Akageuza mkono huu, akageuza ule, akatazama miguuni.

Hapakuwa na mshipa mwingine wa kutiwa sindano. Anastazia akashika mkono uliovimba, akauinua juu ya kanga iliyokunjwa, akaushikilia hivyo mpaka Cecilia alipokata roho na mkono ukapoa.