Moshi Mgongoni mwa Bawa

Usiku ule nililala na hasira. Nilikuwa nimemwambia mjukuu wangu wa kike, Koku, maneno, naye akaingia kulala bila kula, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko matusi.

Koku anasoma chuo cha ufundi Mwanza. Alikuja likizo na kindege alichokitengeneza mwenyewe kwa lile povu gumu la kufungia televisheni, mabawa yake pembetatu kama khanga iliyokunjwa kona kwa kona. Chuoni kila mmoja ameambiwa alete kitu kinachoweza kuruka polepole na kutua mahali padogo bila kuvunjika. Cha Koku kikienda mbio kinaruka. Akikipunguza mwendo na kukiinua pua ili kitue, kinaanguka kama mkungu uliokatwa. Wiki nzima kimeanguka katika migomba yangu. Siku hiyo akasema, "Bibi, mimi chuo sirudi." Na mimi, badala ya kumuuliza, nikasema, "Vizuri. Senene wameanza kuja, mikono inahitajika. Kuruka waachie wenye mabawa."

Ndivyo nilivyolala.

Nikaota ni mchana. Nimekaa mlangoni mwa jiko, beseni mapajani, nanyonyoa senene, panzi wetu wa msimu wa mvua. Huku kwetu Bukoba, enzi za usichana wangu, mwanamke alinyonyoa na mwanaume akala. Sisi tulibaki na mafuta vidoleni. Kazi hiyo naijua hata nikisinzia: miguu, mabawa, tupa. Miguu, mabawa, tupa. Beseni halijai wala halipungui.

Kisha namwona mume wangu. Ni marehemu mwaka wa nne sasa, tulimzika hapo hapo kibanjani, nyuma ya nyumba. Anatokea upande huohuo, peku, kanzu yake haina hata tone la tope. Sikuogopa. Nilijisikia tu kama mtu aliyechelewa kupika.

Anatazama miguu yangu. Nimevaa buti zake za mvua.

"Zimekukaa, Mama Justa."

"Ulitaka tukuzike nazo?" Hata ndotoni mdomo wangu haubadiliki.

Anacheka bila sauti, ananipokea beseni, na jiko halipo tena. Tuko kilimani kwenye mtego wake wa senene, ule wa mabati na mapipa, ila taa za kuwavutia usiku zimezimwa na jua liko juu. Shule hakunizidi hata darasa moja, lakini alijua kuchoma nyasi mbichi mpaka moshi ukawalevya senene, wakateleza kwenye mabati wakaingia mapipani wenyewe. Nyasi zinafuka. Anachagua senene mmoja, wa kijani, mzima, ananiwekea kiganjani. Vidole vyangu vinakwenda vyenyewe kwenye mabawa. Anavishika.

"Huyu usimnyonyoe. Mwangalie."

Senene anaruka ndani ya moshi, polepole, kama mzee anayepanda ngazi. Bawa lake limekuwa kubwa kama jamvi, naliona lote. Ukingo wa mbele ni mwembamba, mkali kama lile jani la nyasi linalokata kidole. Tena ameliinua sana, mpaka nasema moyoni, huyu anaanguka sasa hivi. Moshi unagonga ule ukingo, haupiti vizuri, unavunjika. Lakini ukishavunjika hauendi zake. Unajikunja nyuma ya ukingo, unajisokota kama kamba ya mgomba, unalala mgongoni mwa bawa tangu begani mpaka karibu na ncha. Na kamba hiyo ya moshi inavuta. Naliona bawa linavyonyonywa kwenda juu, kama mtoto anayeshikwa mkono na mama yake avuke mtaro.

Nainua macho. Juu ya mabati inapita ndege ya chuma yenye mabawa ya pembetatu, pua juu, taratibu, inatafuta pa kutua. Mgongoni mwake, kulia na kushoto, kamba ileile.

"Na akizidi kuinua?" nauliza.

Ananyoosha kidole. Senene ameinua bawa kupita kiasi, kamba inafumuka, anadondoka. Anashusha kidogo, kamba inajisokota upya, anapanda.

"Umenyonyoa mabawa maisha yako yote, Mama Justa," anasema. "Hata moja hujaliangalia."

Natazama vidole vyangu vyenye mafuta, naye anaendelea.

"Mwambie mtoto aache kulainisha ukingo. Upepo uvunjike palepale. Ukivunjikia hapo ndipo unapolibeba bawa."

Nataka kumuuliza kama anakula vizuri huko aliko. Anaondoka na buti zake mkononi, na mimi peku, nyasi zimelowa chini ya nyayo zangu.

Niliamka miguu iko nje ya blanketi, imepoa. Kulikuwa kunapambazuka. Nikaenda moja kwa moja kwa Koku. Alikuwa amekaa kitandani, kindege mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huku mbele ya bawa umefanya nini? Siku mbili nasikia unakwangua."

"Nimepiga msasa likawa mviringo. Ili upepo upite bila kusumbuka."

"Basi umepoteza siku mbili. Lete wembe."

"Bibi, nani amekwambia?"

"Babu yako."

Akanitazama usoni kama anayetafuta homa. "Babu alijua nini cha ndege?"

"Alijua moshi. Lete wembe."

Akauchonga ukingo ukawa mkali. Nikawasha nyasi mbichi mlangoni mwa jiko, upepo wa ziwa ukausukuma moshi taratibu. Koku akaliinua bawa, pua juu. Moshi ukavunjika ukingoni, ukajikunja, ukalala mgongoni. Akasogeza uso karibu.

"Hiki mwalimu alituchorea ubaoni," akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni cha mabawa ya vitabuni."

"Basi rudi ukamwambie umekiona."

Siku hiyo nilinyonyoa peke yangu, na kila bawa nililitazama kwanza. Nilimkaangia Koku senene wa safari, kopo zima. Hakuna mwanaume aliyeonja.