Sentensi Yangu ya "Must Not"

Wakati wa vita, jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi, fundi magari, alitufundisha Kiingereza kila Jumamosi asubuhi ndani ya gereji yake. Tulikuwa wanawake saba. Siku moja alitueleza kwamba "may" ni ruhusa, "must" ni lazima, na "must not" ni marufuku kabisa. Kisha akanipa chaki nitunge sentensi.

Sikufikiri sana. Siku mbili kabla yake, kwenye kizuizi cha barabarani, vijana wenye bunduki walikuwa wameniuliza mimi ni kabila gani. Nikaandika: "You must not ask me my tribe." Ni marufuku kuniuliza kabila langu.

Wenzangu walikuwa wakiinakili mkuu wa mtaa alipoingia. Akauliza maana yake, nikamwambia.

"Futa hiyo, mama," akasema. "Itatuletea matatizo. Na musikutane tena hapa."

"Apana, shefu," nikajibu. "Mi siifuti. Hapa kwetu tunaoana na tunazikana bila kuulizana kabila. Leo niogope ubao?"

Mwalimu wetu hakugusa kitambaa cha kufutia. Mkuu aliukodolea macho ubao, akatoka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kumi na mmoja. Mmoja wa wale wapya alikuwa binti mkubwa wa mkuu wa mtaa, kaja na daftari jipya. Nilimuuliza kama baba yake amempa ruhusa.

"Sikumuomba," akasema, akaketi mstari wa mbele.