Mafiga Ndani ya Mtumbwi

Hadi leo sijui ni nani aliyemtia baba wazo kwamba sisi, watu wa nchi kavu tunaoogopa hata maji ya karai, tungepanda mtumbwi kwa starehe. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne. Baba alifanya kazi kiwandani Thika, na Jumapili yake ilikuwa ya kulala. Siku hiyo aliamka akiimba. Alimwambia mama asiwashe moto, asiingie hata jikoni. Alikuwa amenunua mkate na soda, na tungeenda kutembea mtoni kama watalii.

Mama alivaa nguo za kanisani shingo upande.

Tulitoka kwetu Matuu kwa miguu hadi Mto Thika, baba akisukuma baiskeli iliyofungwa gunia zito nyuma. Dada yangu mkubwa aliuliza kuna nini ndani.

"Mawe," baba akasema. "Mtumbwi bila mawe unayumba."

Nikaona kumbe baba ni fundi wa mitumbwi. Sikujiuliza kwa nini abebe mawe kutoka nyumbani na mto wenyewe umejaa mawe tele.

Mvuvi mwenye mtumbwi alimsalimia baba, "Umekuja, jirani?"

"Jirani gani?" mama akauliza. Baba akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Mto ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Mikuyu iliinamia maji, na mdiria alitutangulia kutoka tawi hadi tawi. Dada alipiga kelele kila mtumbwi ulipocheza, na mama akacheka. Nilifurahi sana kumwona akicheka. Kisha akalivuta lile gunia apate pa kuweka miguu, mdomo wa gunia ukafunguka. Mawe yalikuwa matatu, meusi kwa masizi upande mmoja, na moja lilikuwa na ufa.

"Hii si mawe ya jiko yangu?"

Mvuvi aliacha kupiga kasia.

Kwetu mafiga ni ya mke. Yeye ndiye huyapanga na yeye ndiye huyang'oa. Mume akiyang'oa, amemwambia mkewe arudi kwao, wala hahitaji kuongeza neno. Mimi sikulijua hilo wakati ule. Niliona tu uso wa mama ukibadilika kwa ajili ya mawe, nikadhani labda yamevunja soda.

"Unanifukuza?" mama akauliza polepole. "Mbele ya watoto? Katikati ya maji?"

"Aiee, hapana! Ngai!" Baba alisimama, mtumbwi ukayumba, akaketi haraka. "Kazi iliisha, mama. Walituachisha wengi. Kila asubuhi nikitoka, sikuwa naenda kiwandani. Nimenunua shamba hapo ng'ambo, upande ya Ndithini. Nilijua utakataa. Nikasema ukifika upate jiko iko tayari. Mama yangu alikuwa anasema mji mpya unaanza na mawe ya mji wa zamani."

"Na alisema ni nani anayatoa?"

Baba alikuwa na nusu ya mila, na ile nusu ndiyo iliyotuingiza mtoni.

Tulifika ng'ambo, penye miiba na kichuguu. Mama hakushuka.

"Rudisha mahali ulitoa," akasema.

Tukarudi. Nilimnong'oneza dada: tunahama, ama mama ndiye anahama? Akaniambia nile mkate. Jioni baba aliyapanga mafiga kombokombo. Mama akayanyoosha kwa mguu, akapika, na kwa majuma mengi hakumsemesha baba isipokuwa kumwambia chakula kiko tayari.

Alasiri moja nilitoka shuleni nikakuta jiko limepoa. Katikati ya jivu palikuwa na mashimo matatu. Kiondo kikubwa cha mama hakikuwa msumarini. Nililia kabla sijajua nalilia nini.

Baba akaja, akasimama mlangoni akiyatazama yale mashimo. "Ameenda upande gani?" akaniuliza mimi, niliyekuwa shuleni mchana kutwa.

Kwao mama ni huko Kyumbi, na ng'ambo ni Ndithini. Huku barabara, kule mto. Baba alitazama huku, akatazama kule, kisha akanishika mkono tukakimbilia mtoni. Sijui kama ni kwa sababu mto ulikuwa karibu, au aliogopa kwenda kuuliza barabarani.

Mvuvi alikuwa akikarabati nyavu zake. Alitutazama tukihema, akaitazama mikono yetu mitupu.

"Mama alivuka asubuhi," akasema. "Na sufuria ziko wapi? Alisema mtakuja nazo."

Baba aliketi kwenye mchanga, akafunika uso, mabega yakatikisika. Nilimzunguka nimchungulie kama anacheka au analia, na sikuweza kujua.